Kipimo cha Mahali pa Kulala Kando ya Ziwa

Mahali pa kambi kando ya ziwa la porini hupimwa kwa maswali mawili. La kwanza ni kama mahali hapo panawafaa watakaolala: pana kivuli, pana maji, pana upenyo wa kuingizia mtumbwi na ardhi kavu ya kusimamisha hema. La pili ni kama hao watakaolala wana haki ya kuwa pale, na kwa masharti gani. Miongozo ya safari hulijibu la kwanza kwa kurasa nyingi na kuligusa la pili kwa aya moja. Hata hivyo la pili ndilo linalotangulia, na asiyelijibu hawezi kulijibu vizuri hata lile la kwanza.

Ziwa Burigi, mkoani Kagera, linafaa kuwa mfano. Limelala katika bonde refu na jembamba kati ya vilima, na leo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hifadhi hiyo ilizinduliwa mwaka 2019 baada ya kuunganishwa mapori ya akiba matatu, Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, na inagusa wilaya za Biharamulo na Ngara pamoja na majirani zao Muleba, Karagwe na Chato. Mashariki yake liko Ziwa Victoria. Magharibi yake Mto Kagera na mpaka wa Rwanda. Msafiri wa mtumbwi katika nchi ya namna hii ana hali ya pekee. Hubeba vitu vichache, hana kelele za injini, na kwa sababu hiyo hujiona hana madhara. Lakini mtumbwi humfikisha pasipofika gari, na pasipofika gari ndipo viumbe wengi walipojihifadhi. Tena hufika akiwa amechoka, jua likiwa limeinama, na ufuko anauona kwa mbele tu, kutoka majini. Maamuzi yake makubwa anayafanya katika saa mbaya ya kufanya maamuzi.

Kinachomvutia kwanza kwa kawaida ni uwanda wa nyasi fupi unaoshuka polepole hadi majini. Hapo hema litakaa sawa, nyoka wataonekana mapema, na mtumbwi utavutwa nchi kavu bila taabu. Ni vema ajiulize nani aliyezifupisha nyasi hizo. Penye viboko, jibu mara nyingi ni viboko wenyewe. Mchana hukaa majini wakilinda ngozi zao na jua. Giza likiingia hupanda nchi kavu kwa njia zilezile za kila siku, huchunga hadi karibu na alfajiri, kisha hurudi majini. Kiboko mmoja aliyekomaa hula kiasi cha kilo 40 za majani kwa usiku. Malisho yao karibu na maji hubaki mafupi kwa sababu yanaliwa bila kupumzika. Uzuri wa mahali, basi, ni kazi ya mwenyeji, na hema linalosimamishwa pale linasimamishwa juu ya chakula chake. Njia zao hutambulika kwa urahisi: ni mifereji miwili ya miguu yenye tuta katikati, inayopenya mafunjo na kupanda ukingo, na kandokando yake kuna vichaka vilivyotapakazwa kinyesi. Kiboko aliyezuiwa asirudi majini ni miongoni mwa wanyama wa hatari kuliko wote barani Afrika. Katika jambo hili hofu na adabu zinaelekeza upande mmoja. Anayelikwepa pito lao anajiokoa, na wakati huohuo anawaachia haki yao.

Dini zimeligundua hilo zamani. Katika mkusanyiko wa Sahihi Muslim kuna mafundisho ya Mtume Muhammad kwa wasafiri: wanaposimama kupumzika usiku waiepuke njia, kwa kuwa usiku njia hupitwa na wanyama na kukaliwa na wadudu wenye sumu. Mafundisho hayo huweza kusomwa kama tahadhari tu, na tahadhari imo. Lakini sababu inayotolewa inahusu wanyama na mwendo wao. Usiku njia ni yao, na binadamu ndiye anayepaswa kusogea pembeni. Kurani, katika Suratul An'am, inaeleza kwamba wanyama wa ardhini na ndege wote ni umma kama binadamu walivyo umma. Anayelichukua neno hilo kwa uzito wake hawezi kuuita ufuko wenye nyayo kwamba ni mahali patupu.

Mambo huwa magumu zaidi pale hofu na adabu zinapoachana. Mchanga ulioinuka kidogo juu ya maji, mkavu, wenye jua, ni mahali pazuri pa kuegesha mtumbwi. Ni pahali pazuri vilevile pa mamba kutaga. Jike huchimba shimo, hufukia mayai, kisha hukaa karibu kwa muda wa miezi mitatu hivi akiyalinda. Wasafiri wengi wenye kelele na moto wanaweza kumfukuza asirudi usiku kucha. Wao wataamka salama na kusema kambi ilikuwa njema. Kenge, ambaye husubiri nafasi kama hiyo, atalifukua kiota kabla jike hajarudi. Hakuna aliyeumizwa kati ya waliolala, na hakuna aliyeona kitu. Kama kipimo cha kambi njema ni usalama na furaha ya wasafiri, kambi hiyo imefaulu kabisa. Kwa kuwa ni dhahiri haikufaulu, kipimo hicho hakitoshi.

Hapa ndipo mawazo ya wanafalsafa kadhaa yanaposaidia, kila moja kwa kadiri yake. John Locke, katika maandishi yake ya mwaka 1689 kuhusu serikali, alisema mtu anaweza kujitwalia kitu cha asili mradi awaachie wengine cha kutosha na chenye ubora uleule. Sharti hilo ni zuri kwa kambi: anayeondoka awaachie watakaofuata ufuko kama alioukuta. Udhaifu wake ni kwamba wengine aliowafikiria Locke ni binadamu tu. Immanuel Kant, katika mwaka 1785, alitaka mtu ajiulize kama angeridhia kanuni ya tendo lake iwe sheria kwa wote. Swali hilo linavunja udhuru unaopendwa sana na wapiga kambi, kwamba moto mmoja au mti mmoja si kitu. Mmarekani Aldo Leopold, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1949, alikwenda mbali zaidi: aliihesabu ardhi, pamoja na maji, mimea na wanyama wake, kuwa jumuiya ambayo binadamu ni mwanachama wake wa kawaida na si bwana wake. Kwa ufuko wa Burigi fikra ya Leopold ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Ina pengo moja, nalo ni kwamba mwanachama ana makazi katika jumuiya yake, ilhali mpiga kambi hana. Yeye ni mgeni.

Ugeni una sheria zake, na wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kufundishwa sheria hizo. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, yaani kuja kwa mgeni kunatarajiwa kumletea nafuu aliyemkuta. Porini shida ni kwamba mwenyeji hasemi. Hakaribishi, hakatazi, hamwonyeshi mgeni pa kulala. Kwa hiyo mgeni analazimika kusoma alama na kujikataza mwenyewe kabla hajakatazwa. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaipanua hali hii hadi kwa binadamu wote: ardhi ni ya Mungu, na watu ni wageni na wapitaji kwake. Majirani wa kaskazini mwa Burigi, Wahaya, katika dini yao ya jadi walimjua Mugasha kuwa bwana wa ziwa na dhoruba, na waliokwenda majini walijua wanaingia katika milki yake. Imani hizi hazilingani, na si haki kuzichanganya kana kwamba ni moja. Zinakutana katika jambo moja tu: ziwa lina mwenyewe, na anayelala kando yake si yeye.

Kisa cha Nabii Swaleh na ngamia jike kinaongeza kitu ambacho hata Leopold hakukifikia. Kama Kurani inavyosimulia, watu wa Thamud waliamriwa wagawane maji na ngamia huyo kwa zamu. Siku moja yake, siku moja yao. Hawakukatazwa maji. Walikatazwa kuyafanya yao peke yao, na walipomuua ngamia waliangamia. Haki ya mnyama pale ni haki ya wakati: maji yaleyale, saa tofauti. Pembezoni mwa ziwa la porini kanuni hiyo inaweza kutumika bila kubadilishwa. Machweo na alfajiri ni zamu ya wanyama kushuka majini. Kambi iliyo mita chache kutoka mahali pekee penye mteremko wa kunywea huwanyima zamu hiyo hata kama hakuna anayeinua mkono. Mnyama anayenusa moshi husimama, husikiliza, hugeuka, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, huenda hana mahali pengine pa karibu. Kwa hiyo kambi inayofaa hukaa mbali na mteremko huo, na wenye kambi huteka maji mchana, jua likiwa juu. Ni usumbufu mdogo. Ni pia aina ya ibada kwa anayetaka kuielewa hivyo.

Suala la uchafu wa mwili linachukuliwa na wengi kuwa dogo mno kwa falsafa, na wanakosea. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inawataka Waisraeli walio kambini wawe na mahali nje ya kambi, wawe na kijembe cha kuchimbia, na wafukie kinyesi chao. Sababu inayotolewa ni kwamba Mungu anatembea katikati ya kambi. Mapokeo ya Kiislamu yanakataza kujisaidia katika maeneo matatu: penye maji, njiani, na kivulini watu wanapopumzikia. Dini mbili zilizozaliwa jangwani zimeweka choo ndani ya uchaji. Elimu ya maradhi inaonyesha jinsi zilivyokuwa sahihi. Mayai ya kichocho hutoka katika mwili wa binadamu kwa kinyesi au mkojo, huanguliwa yakifika kwenye maji baridi, vijidudu vyake huingia katika konokono wa majini, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu mwingine anayeoga au kuteka maji. Mwambao wa Ziwa Victoria umeteseka sana kwa ugonjwa huu. Ghuba tulivu yenye majani majini, ile ile inayopendeza kuogelea, ndiyo konokono hao wanayoipenda. Msafiri mwenye kichocho bila kujijua, akijisaidia ukingoni, anaweza kukifikisha katika ghuba ambayo haikuwa nacho. Kanuni za wapiga kambi wa leo zinataka choo kiwe mita 60 au zaidi kutoka majini, kwenye udongo unaochimbika. Ufuko wa miamba mitupu au wa kinamasi hauna nafasi hiyo, na kwa sababu hiyo pekee unastahili kukataliwa, hata kama mandhari yake ni ya kuvutia kiasi gani.

Kuhusu kuni maneno machache yanatosha. Mti uliokauka porini bado una kazi, kwa kuwa ndege, mijusi, nyuki na mchwa wanaishi ndani yake, na moto wa kiangazi katika nyasi kavu hauna mipaka. Jiko dogo la gesi au la mafuta ya taa hulimaliza suala hilo.

Wilayani Ngara, hata hivyo, neno kambi haliwezi kutamkwa kana kwamba lina maana ya mapumziko tu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, juu ya maporomoko ya Mto Kagera, wakikimbia vita nchini Rwanda. Walielekezwa Benaco, mahali palipochaguliwa kwa sababu ambayo kila mpiga kambi anaielewa: palikuwa na ziwa dogo karibu na nafasi ya wazi. Baada ya muda mfupi Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani, na kambi nyingine kama Lumasi zikaongezwa kupunguza msongamano. Miti ya vilima vya jirani ilikwenda kwenye mafiga, na wanyama wa mapori ya karibu wakawa kitoweo. Kambi hizo zilifungwa Desemba 1996, wakimbizi wa Rwanda waliporejeshwa kwao.

Maadili yaliyoelezwa hapo juu yanaonekana kama yanavunjika mbele ya Benaco, na ni lazima yajibu. Mama aliyekata mti ili awachemshie watoto maji hakukosa. Masharti ya mgeni yanamhusu mwenye uwezo wa kuchagua kwenda au kutokwenda, kulala hapa au pale. Aliyekimbia kifo hakuchagua chochote, na deni la mti wake ni la waliomfukuza na la dunia iliyochelewa. Jambo la kujifunza ni jingine. Kushindwa kwa misaada katika miaka hiyo kulisababisha mashirika ya kibinadamu kuanzisha mwaka 1997 mradi wa Sphere, uliokuja kuweka viwango vya chini kabisa: lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, mita za mraba 45 za eneo la kambi kwa kila mtu, choo kisichokaribia chanzo cha maji ya ardhini kwa chini ya mita 30. Viwango hivyo vinaupima ufuko kwa mahitaji ya binadamu, na kwa mkimbizi ndivyo inavyopaswa. Msafiri wa starehe hawezi kuuazima udhuru wa mkimbizi. Kadiri uhuru wa kuchagua unavyokuwa mkubwa, ndivyo na dai la ardhi juu ya mtu linavyokua. Na anayepiga kasia kwa furaha yake ana uhuru wote.

Kuna wenyeji wengine wasiosahaulika, nao ni watu. Pori la Burigi na Biharamulo halikuwa pori tangu kuumbwa kwa dunia. Wapelelezi wa Kiingereza Speke na Grant walipita upande huo mwaka 1861 wakielekea kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, na walipita katika nchi yenye vijiji, mifugo na watawala. Baadaye vilikuja vifo vya ng'ombe kwa sotoka, vita, njaa, na kuenea kwa mbung'o. Na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilihamisha watu wa sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika, Biharamulo ikiwemo, na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kupambana na malale. Mahali ambapo watu waliondolewa, miti ilirudi na wanyama wakafuata. Hifadhi ya taifa leo hairuhusu kilimo, ufugaji wala makazi ndani yake. Mwaka 1961, katika Ilani ya Arusha kuhusu wanyamapori, Julius Nyerere alitangaza kwamba viongozi wa Tanganyika wanaukubali udhamini wa viumbe hao kwa ajili ya vizazi vijavyo. Udhamini huo una gharama, na gharama hailipwi na mgeni anayekuja kwa siku mbili. Inalipwa na Msubi, Mhangaza au Mzinza ambaye babu yake alivua au kuchunga mahali ambapo mjukuu sasa anahitaji kibali kuingia.

Kibali cha kulala, kwa hiyo, ni kitu kimoja, na stahili ni kitu kingine. Anayelipa ada ya hifadhi amenunua ruhusa. Hajanunua dhamiri safi. Analala kwa utulivu katika nafasi iliyoachwa na wengine, baadhi yao kwa hiari na wengi bila hiari. Hilo halimfanyi kuwa mwizi, na kukataa kuja hakutawarudishia waliohamishwa kitu chochote. Linamfanya awe na wajibu ulio mkubwa kuliko sheria inavyodai: kuajiri mpiga kasia na mwongozaji wa vijiji vya jirani, kununua chakula Biharamulo mjini au Ngara badala ya kukibeba chote kutoka mbali, na kuuliza majina ya ghuba na vilima kwa wanaoyajua. Mgeni aliyeongozwa na mwenyeji, tena, huchagua ufuko vizuri zaidi. Mwenyeji ndiye anayejua viboko wanapandia wapi mwaka huu.

Linabaki swali ambalo wapenda pori wameligombania kwa miaka mingi: ni afadhali kulala palipokwisha kuchakaa au kutafuta mahali papya? Moyo humvuta msafiri kwenye upya. Palipochakaa pana majivu, udongo umekandamizwa, vigogo vimekatwa. Lakini ardhi huharibika zaidi katika siku za mwanzo za kukanyagwa kuliko katika zile zinazofuata. Usiku wa tano mahali pamoja huongeza jeraha dogo, na usiku mmoja katika kila moja ya sehemu tano huacha majeraha matano. Katika mwambao unaotembelewa mara kwa mara, kwa hiyo, uamuzi sahihi ni kurudi palepale. Kuna anayeona jambo hili kuwa ukatili kwa sehemu moja inayotolewa mhanga kwa ajili ya nyingine. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake si kulikanusha. Jibu ni kuhakikisha mahali palipotolewa hapasahauliki: pafanyiwe usafi, pasipanuliwe, na papewe muda wa kupumzika. Ni katika ufuko usiofikiwa na watu ila kwa nadra sana ndipo inafaa kutawanyika, kulala usiku mmoja juu ya mchanga mtupu au mwamba, na kuondoka bila kuacha dalili.

Ndani ya hifadhi mgeni haachiwi kuchagua peke yake; wahifadhi wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) ndio wanaopanga mahali pa kulala. Hilo linapunguza makosa, kwa sababu askari wa hifadhi anaona ufuko katika misimu yote ambapo mgeni anauona jioni moja. Haliondoi wajibu wa mgeni wa kutazama, na akikuta nyayo mpya mlangoni mwa eneo alilopangiwa, au mchanga uliofukuliwa, ana wajibu wa kusema. Mamlaka nayo ina wajibu wake wa kulifunga eneo kwa wakati. Sura ileile ya 25 ya Mambo ya Walawi inaipa ardhi pumziko katika mwaka wa saba, na haiulizi kama mwenye shamba ataridhika. Kwa kambi za ziwani hesabu ya miaka si lazima iwe hiyo. Nyasi za ukingoni huweza kurudi baada ya masika na vuli chache zikiachwa. Udongo uliokandamizwa huchukua muda mrefu zaidi. Mti mkubwa uliochomwa shinani haurudi katika maisha ya aliyeuchoma. Pumziko linapaswa kupimwa kwa kile kinachochelewa kupona, si kwa kile kinachowahi, na eneo lifunguliwe tena baada ya askari wa hifadhi kulikagua mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi haina majani mabichi ya kuficha hali yake.